Shukrani na Wageni wa Lambo

Ukifika Mwagala ukauliza nyumbani kwa Shukrani, watu watakuonyesha kwa kidevu. Jina hawalitamki. Kijiji kimemtenga, hakuna wa kumpa kaa la moto wala kumsalimia kisimani, na hao hao wanaomtenga wameshiba harusi ngapi zilizopikwa kwa mikono yake. Mimi ni wifi yake, naitwa Minza, dada mkubwa wa mumewe Lugembe. Kama kuna mtu mwenye haki ya kumchukia mwanamke huyu ni mimi. Kwa hiyo niacheni niseme, na nikianza sipendi kukatizwa.

Kwao ni Urambo, kwenye tumbaku. Baba yake, mzee Eliya, alikuwa Mmoraviani wa kweli kweli, mtu wa kusali kabla ya kuwasha moto wa bani la kukaushia majani. Binti hakurithi upole ule hata chembe. Alipokuwa msichana wa kuanza kutazamwa, siku ya soko la tumbaku, kibarua mmoja wa kwenye mizani alimfinya kiunoni mbele za watu. Shukrani hakupiga kelele. Alichukua ubao wa kufungia mitumba ya tumbaku akampiga nao mdomoni, na meno ya yule bwana yakabaki pale vumbini. Kaka yangu Lugembe alikuwa huko kibarua cha msimu, akayaona yote. Mwanamume mwenye akili zake angehesabu hilo ni onyo kwake, akapita mbali. Kichwa maji yule akapenda palepale, na mwaka ule ule akamleta kwetu, huku upande wa Nzega.

Walifaana, usidanganyike. Walikuwa wanagombana hadi kuku wanahama uani, halafu jioni unawakuta wanakula sahani moja wanacheka. Kaka yangu alikuwa na mkono mwepesi tangu utotoni, na kijiji kikaona mkono huo una kazi, kikamfanya kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi.

Sungusungu ya kwetu ina sheria moja iliyo juu ya zote, nayo ni sheria ya filimbi. Ukiisikia filimbi, huulizi. Unaacha jembe, unaacha ubwabwa motoni, unaacha hata maiti msibani. Unapuliza ya kwako ili kijiji cha pili kisikie, unachukua silaha na kukimbilia ilikotokea. Asiyetoka anapigwa faini. Na kuna upande wa pili wa sheria hiyo, ambao watu wa mjini hawaujui: kijiji kikipiga filimbi ya bure, kikawatoa watu wa vijiji vingine mbio pasipo mwizi, kinachinja dume la ng'ombe kuwalisha, na kamanda wake anavuliwa filimbi hadharani, mbele ya wanawake na watoto. Hiyo aibu hakuna mwanamume wa huku aliyewahi kuimeza akabaki kama alivyokuwa.

Shukrani mwenyewe alikuwa wa kwanza kutoka filimbi ikilia. Wezi walipochukua ng'ombe wa jirani yetu Mhoja, ni yeye aliyemkuta mmoja wao korongoni, akamvunja mtulinga kwa mpini wa jembe, kisha akamkalia mgongoni akisubiri wanaume wafike. Mwizi analia, yeye anamwambia nyamaza, unanitia kichefuchefu. Nasema haya msije mkadhani namsimulia mtakatifu.

Basi mwaka juzi, kiangazi, wakaja wageni. Wanafunzi wa uhandisi kutoka chuo kimoja cha Zambia, kundi zima na mabegi yao, kwenye ziara ya mafunzo. Mwalimu wao mwenyeji alikuwa Bwana Adinani, mtu wa Tabora mjini, mpole, kanzu yake nyeupe haigusi vumbi. Walikuja kuchunguza lambo letu. Tuta lake lilikuwa limebomolewa na mvua, maji yakaenda zake, likabaki tope zito la kumeza ng'ombe. Walitaka kulipima kwanza, halafu wafuate njia ya zamani ya misafara, ile waliyobebea pembe babu zetu, waone walivyokuwa wakichimba maji huko mbele mpaka Tura. Kijiji kikawapa madarasa ya kulala kwa kuwa watoto walikuwa likizo, na Shukrani akapewa kazi ya kuwapikia. Jiko likawa uani kwetu, juu ya mwinuko, lambo lote unaliona chini kama kiganja chako.

Nikiri niliwapenda. Wazambia wale walikula vizuri, kitu ambacho mimi kwa mgeni nakitazama kwanza. Kulikuwa na Kondwani, mrefu, mwimbaji, ndiye aliyeshika ufito wao wa kupimia uliopakwa rangi nyeupe na nyekundu huku wenzake wakiutazama kwa kile chombo chao cha miguu mitatu. Kulikuwa na binti, Mutinta, mcheshi, alijifunza kusonga ugali wetu wa mtama akaunguza mkono na hakulia. Na kulikuwa na Chanda. Huyo alikuwa mwembamba, miwani usoni, na kila akipata nafasi yuko jikoni anaomba ukoko na matobolwa, vile viazi vyetu vya kuchemsha na kukausha. Kwao mama wanamwita mayo, na sisi nyumbani tunasema mayu, basi akawa anamwita Shukrani mayo kutwa nzima, naye Shukrani, ambaye Mungu hakumpa mtoto, anajifanya amekasirika na huku anamchagulia ukoko mnene. Hata Lugembe alikuwa akikaa nao jioni. Kondwani alimfundisha wimbo wa kwao, wakauimba wote wawili, na sauti ya kaka yangu ni mbaya kuliko ya punda.

Bwana Adinani aliwakanya mambo mengi: wasitembee usiku, wasipige watu picha bila ruhusa, wasinywe maji ya kisima bila kuchemsha. La filimbi hakuwaambia. Yeye ni mtu wa mjini, hakujua, na sisi tuliojua hatukufikiri kwamba wanafunzi wanatembea na filimbi mifukoni. Kumbe chuoni kwao ni sheria: ukifanya kazi karibu na maji, uwe na filimbi, mwenzako akipata hatari upulize watu waje.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, jua kali. Bwana Adinani alikuwa amekwenda Nzega na wanafunzi wengine kutafuta betri ya chombo chao, wakabaki hao watatu. Lugembe alikuwa Itogwa, kijiji cha tatu kutoka kwetu, kwenye kikao cha makamanda, maana bwana mmoja wa huko, Jilala, alikuwa ameibiwa maksai wiki hiyo na watu walikuwa na hasira. Mimi na Shukrani tulikuwa tunapepeta. Mutinta akashuka kwenye lambo kupima kitu, tope likamshika miguu, akajaribu kujinasua likamfika kiunoni. Chanda alikuwa ukingoni. Akafanya kama alivyofundishwa. Akapuliza.

Shukrani aliutupa ungo. "Mungu wangu," akasema, "hawajui." Akakimbia mteremko ule kama msichana, mimi nyuma yake nahema, anampungia Chanda mikono aache. Alipomfikia na kumpokonya filimbi mdomoni, mchungaji wa ng'ombe aliyekuwa ng'ambo ya lambo alikuwa ameshapuliza ya kwake. Tukasimama tukisikiliza. Ikalia ya Isenga. Kisha, mbali kabisa, ya Itogwa.

Tulimtoa Mutinta kwa kamba ya ng'ombe, mimi na Shukrani na Chanda na wanawake wawili watatu waliokuja mbio. Wanawake wale wakampeleka nyumbani kwa Getruda, mmoja wao, akaoshwe. Watu wa Mwagala, waliokuwa wanawajua wageni, walitoka, wakaona binti mwenye tope, wakaelewa, wakaanza kurudi. Shukrani akaniambia tuwahi barabarani tuwazuie wa Isenga. Hatukuwahi. Vumbi lilikuwa limeshafika juu ya tuta la pili, lile la ng'ambo ya lambo, na ndani ya vumbi lile watu wengi, mapanga, pinde, marungu, na mbele yao kabisa Lugembe, amekimbia njia yote kutoka Itogwa bila kupumzika, filimbi mdomoni.

Kondwani alikuwa juu ya tuta lile na ufito wake. Hakuwa amekimbia, angemkimbia nani? Aliona watu wanakuja, na kwao filimbi ikilia watu wanakuja kusaidia. Akainua mkono akawapungia. Akawaonyesha chini, lambo, kama kuwaambia mwenzetu alinasa kule.

Shukrani alikuwa amegeuka, anamvuta Chanda kwenda nyumbani, anamsukuma mbele yake. Mimi sikugeuka. Niliona Lugembe anamfikia Kondwani. Niliona anasita. Rungu liko juu, naye amesimama, anamtazama usoni yule mtoto aliyeimba naye. Kisha akageuza kichwa nyuma, akawatazama watu wa Isenga na Itogwa waliokuwa wanafika mmoja mmoja, jasho linawatiririka, wanamtazama yeye, kamanda wa kijiji kilichopuliza. Akarudisha macho kwa Kondwani, akapiga. Alimpiga kichwani. Kondwani akaanguka juu ya ufito wake, na waliobaki wakamwangukia kwa mapanga na mawe, na mmoja akampiga mshale akiwa ameshalala. Mlio wake niliusikia kule chini. Sitausema ulikuwaje.

Shukrani aliusikia pia, akageuka, akaona mume wake anainua rungu mara ya pili. Hakusimama. Alimburuta Chanda hadi uani, akamwona mzima ila ametobolewa mkono na mwiba wa ua wa mikonge, damu inachuruzika, na meno yanagongana. Tuna kihenge kikubwa cha mahindi, kimeinuliwa juu ya mawe, na ngazi yake. Akampandisha, akamwingiza, akamfunika kwa magunzi na gunia, akashusha kifuniko. Mimi nikachukua ungo nikakaa, napepeta pumba tupu.

Wakaja. Uani kwetu hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu. Lugembe alikuwa na damu mpaka kwenye kiwiko, na macho yake sikuyajua. Akamuuliza mkewe mwizi wa pili yuko wapi. Shukrani akasema hapa hajafika mtu. Akamuuliza tena. Akajibu vilevile. Mtu mmoja wa Itogwa akaonyesha ngazi ya kihenge: pale kwenye kidato cha juu, damu mbichi. Shukrani akasogea akasimama mbele ya ngazi, mikono ameining'iniza, hana hata kijiti.

Kaka yangu akamwambia apishe. Hakupisha. Akampiga rungu la mkono, na mfupa ukasikika ukivunjika, wote tuliusikia. Shukrani alipiga magoti, uso ukamgeuka rangi, akashika ngazi kwa mkono mzima akasimama tena palepale. Watu wakaanza kusema achomwe na kihenge chake, mwenye kuficha mwizi ni mwizi. Mmoja akawa anachomoa nyasi za paa la jiko langu atie moto. Nilisimama nikamshika shati, akanipiga kofi nikakaa chini.

Hapo ndipo Shukrani aliposema. Hakupaza sauti, ikabidi wanyamaze wamsikie.

"Lugembe, kwa sheria yako mwenyewe. Mwenye filimbi yuko wapi? Ng'ombe wa nani ameibwa? Mtaje, nitapisha."

Kamanda akageuka kwa mtu wa Itogwa, amtaje. Wa Itogwa akasema yeye alisikia ya Isenga. Wakamtafuta wa Isenga, naye akasema alisikia ya mchungaji wa ng'ambo. Mchungaji alikuwepo, mzee wa watu, upinde begani, midomo inamkauka. Akasema yeye alisikia ya hapa lamboni. Jilala, yule aliyeibiwa maksai, akasukuma watu akaja mbele akasema kwa sauti kwamba leo hajaibiwa kitu. Walitazamana. Uwanja mzima wa wanaume wenye silaha, na kila mmoja anamtazama mwenzake kama atamwambia kitu.

"Basi nitawaambia mimi," Shukrani akasema. "Mwenye filimbi ndiye huyu mnayetaka kumchoma. Mwenzake alikuwa anazama kwenye tope, akaita watu waje wamsaidie. Mmekuja. Haya, msaidieni."

Hakuna aliyesogea. Yule mwenye nyasi akaziweka chini taratibu, kama anarudisha kitu alichoazima. Walianza kuondoka wale wa nyuma kwanza, bila kuagana, na wa mbele wakafuata, mpaka uani tukabaki sisi watatu na damu, na kihenge kinatikisika kwa kilio cha mtu anayejiziba mdomo. Lugembe alikuwa bado amesimama. Nilidhani atamwomba mkewe radhi. Alisema tu, "Usiseme kitu," kisha akaenda kunawa.

Na kijiji kizima kikasema hivyo hivyo. Polisi walipokuja na Bwana Adinani, kanzu yake imetapakaa damu kwa kumkumbatia mwanafunzi wake aliyekufa, hakuna mtu wa Mwagala aliyekuwa ameona. Isenga hawakuona. Itogwa walikuwa shambani, kiangazi, sijui wanalima nini. Hiyo ndiyo desturi yetu, hatutoi mtu. Polisi wakakamata vijana hovyo, yeyote waliyemkuta na fimbo. Shukrani alikuwa hospitali anafungwa mkono. Chanda hakumwachia pindo la nguo njia nzima. Askari alipomfikia Shukrani pale kitandani kuuliza nani kamvunja mkono, akasema ni mume wangu, na aliyemuua Kondwani ni huyo huyo, nendeni mkamchukue, waacheni watoto wa watu.

Hapo ndipo walipomtenga. Ukoo wetu ulikaa, ukaniita, ukaniambia mimi ndiye tegemeo. Kwa nini? Kwa sababu wakili alikuwa amewaambia kesi inaweza kupungua ikasemwa kwamba Lugembe hakumtambua yule kijana. Kwamba ilikuwa vumbi, mbio, filimbi, na yeye alidhani ni mwizi wa maksai. Shukrani alikuwa amegeuka, hakuona mwanzo. Aliyeona mwanzo ni mimi peke yangu. Nilimkasirikia Shukrani kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nilimwita majina yote. Nikamwambia ungenyamaza nyumba ingebaki, sasa umetubomolea, na wewe mwenyewe huna mume. Akanijibu kwamba kila akilala anamwona Kondwani, na kwamba mume wake anampenda mpaka leo, na yote mawili yanamuua. Nikaondoka.

Kesi ilisikilizwa Tabora. Shukrani alipopanda kizimbani, jaji alimweleza kwamba sheria haimlazimishi mke kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Akitaka anaweza kushuka aende zake, na hakuna atakayemlaumu. Nilimwona anamtazama Lugembe. Nilimwona pia yule mama, mama yake Kondwani, aliyetoka Zambia na kukaa benchi la nyuma na kitambaa cheusi. Shukrani akasema atasema. Akasema rungu la pili aliliona kwa macho yake. Wakili wa Lugembe akamuuliza mkono wake ulivunjwa na nani, akidhani atamfanya aonekane mke mwenye kisasi. Akajibu umevunjwa na huyo, na kwamba hakuja kushtaki kwa ajili ya mkono.

Kisha nikaitwa mimi. Dada sheria haimpi mlango wa kutokea. Watu wa ukoo walikuwa wamejaa, na kila nilipogeuka kuna jicho lao. Wakili wa serikali akaniuliza niliyoona juu ya tuta. Nikasema vumbi lilikuwa jingi. Nikasikia wenzangu wanapumua. Akaniuliza kama mshtakiwa alimjua marehemu. Nikaanza tena habari za vumbi, jaji akaniambia mama, jibu.

"Alisita," nikasema. "Alimtazama usoni. Alimjua. Akawatazama watu waliokuwa nyuma yake, akaona aibu, ndipo akapiga."

Makelele yaliyotokea mle ndani siyasimulii. Lugembe alipokuwa anarudishwa mahabusu alipitishwa karibu yangu, pingu mkononi, amekonda, nywele zimeingia mvi. Ni mimi niliyembeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Akasimama, na askari akamwacha kidogo.

"Dada Minza," akasema, "nimekukosea nini?"

"Mimi hukunikosea," nikamwambia. "Yule mtoto alikuwa anakupungia mkono, Lugembe."

Askari akamshika bega, akaenda. Shukrani alikuwa nje kwenye ngazi za mahakama, ameushika mkono wake uliopinda, analia kwa sauti bila kujali nani anatazama. Nikakaa naye pale chini, wifi yangu, tukasubiri basi la kwetu ambalo tulijua hakuna mtu ndani yake atakayetusogezea kiti.